Lugha Isiyojua Kuzidisha Jedwali

Nilialikwa chuoni, hapa Bukoba mjini, kama mwalimu mstaafu wa hisabati. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha mbele, kupiga makofi na kunywa soda. Vijana walikuwa wanajadiliana kama lugha ya programu za kompyuta ije na matriksi ndani yake au isije nazo. Kwa asiyejua, matriksi ni jedwali la namba, lenye safu za kulala na safu za kusimama, na kuna kanuni yake ya kuzidisha jedwali moja kwa jingine. Kijana mmoja mtanashati akasimama akasema kwamba maktaba ya lugha, yaani vile vitu unavyovikuta humo siku ya kwanza unapoifungua, inapaswa kuwa ndogo. Anayetaka matriksi akazitafute nje, au ajiandikie mwenyewe. "Ni kazi ya nusu saa tu," akasema, na wenzake wakacheka.

Soda ilinishinda. Niliiweka chini nikatoka, kwa sababu ningebaki ningemtukana mtoto wa watu, na yeye hana kosa ila ujana. Hasira hasara, wanasema. Mimi hasara nilikwisha kuipata, kwa hiyo hasira nina haki nayo.

Mtu anayesema kila mmoja ajitafutie hajawahi kupokea wageni wa vita. Nilikuwa msichana wa sekondari majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, na watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbilia upande wetu na magodoro vichwani. Nyumbani kwetu Kitendaguro walilala hadi jikoni. Chumvi ilikuwa haipatikani madukani, lakini mama alikuwa nayo, kwa sababu kwake chumvi na kiberiti vilikuwa vitu vya nyumba, havingoji shida ifike ndipo vitafutwe. Jirani akamshauri awaambie wale wageni kila mmoja alete chumvi yake. Mama akamuuliza, "Wakaitoe wapi, waitu, jamani?" Swali hilo sijapata kusikia likijibiwa na wale wanaotuambia sisi wa huku tukatafute nje.

Baada ya vita nilisoma hisabati chuo kikuu, Dar es Salaam. Kwenye kitabu chetu kulikuwa na lugha moja rahisi ya programu, ya wanaoanza, na lugha hiyo ilikuwa na amri za matriksi. Unaandika mstari mmoja, jedwali hili mara jedwali lile, basi, umemaliza. Niliipenda kama mtu anavyompenda mfanyakazi asiyehitaji kuelezwa mara mbili.

Niliporudi nyumbani kufundisha, nilikuta misiba. Ugonjwa ule wa kukonda watu wa Bukoba walikuwa wameupa jina la shati lililokuwa fasheni siku hizo, maana walioanza kufa walikuwa vijana wenye kulivaa. Baadaye haukuchagua shati. Ulikuwa ukienda kijijini unakuta nyumba imefungwa kwa kamba ya mgomba, na ukiuliza unaambiwa wote wamekwisha. Mchana nilifundisha, na jioni nilifanya kazi kwenye mradi mmoja mdogo uliokuwa ukipeleka chakula na vifaa kwa nyumba zilizofiwa, vijiji vya Muleba na vya pembeni mwa mji. Mkuu wa mradi alikuwa mzungu mzee, mhandisi mstaafu, mtu mpole aliyezoea kuvaa soksi na ndala. Ndiye aliyekuja na kompyuta.

Nilipoiwasha nikakuta lugha ni ileile ya kitabuni, jina lilelile. Nilishukuru Mungu. Nikaandika amri yangu ya kuzidisha jedwali, kompyuta ikanijibu kwamba haielewi. Nikaiandika tena. Haielewi. Nikasoma kitabu kilichokuja nayo, ukurasa kwa ukurasa, jenereta ikinguruma nje. Waliopunguza lugha ile ili ienee kwenye kompyuta ndogo walikuwa wameziondoa amri zote za matriksi. Sawa, nafasi ilikuwa ndogo, naelewa, mimi si mjinga. Lakini walikuwa wamebakiza amri ya kupiga muziki. Walikuwa wamebakiza amri ya kuchora duara na kulipaka rangi, na kioo chetu hakikuwa na rangi. Mtu alikaa mahali fulani penye umeme usiokatika, akapima nini kibaki na nini kitoke, akaona dunia inahitaji kompyuta yenye kuimba kuliko yenye kuzidisha jedwali. Mtu huyo sijawahi kumwona, na nimemchukia miaka mingi.

Na kazi yetu yote ilikuwa ni majedwali. Nyumba tulizigawa aina nne: ya bibi anayelea wajukuu, ya mjane, ya mgonjwa ambaye bado yuko kitandani, na ya watoto wanaoishi peke yao. Vitu tulivyopeleka vilikuwa vinne pia: unga, maharage, sabuni na majembe. Kulikuwa na jedwali la kila kijiji kina nyumba ngapi za kila aina, na jedwali la kila aina ya nyumba ipate kiasi gani cha kila kitu. Zidisha moja kwa jingine, unajua lori libebe nini liende wapi. Kwa amri moja, kama ingekuwepo.

Kwa kuwa haikuwepo, tulijiandikia. Aliyeandika ni mwenzangu, kijana wa Ngenge, aliyekuwa karani wa kahawa kabla ya kuja kwetu. Alijifunza programu kwa kitabu na kwa ubishi. Kule kwenye kahawa, karani hupanga daraja za kahawa kwenda chini, ubavuni mwa karatasi, na vyama vya vijiji huvipanga juu, kwa sababu kahawa ndiyo inayoulizwa kwanza. Naye akapanga hivyohivyo: vitu vinakwenda chini, nyumba zinakaa juu. Vitabuni ni kinyume chake. Jedwali kama letu lingeanza na nyumba ubavuni na vitu juu. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye ndiye aliyekuwa akiwamba. Sehemu yake ya kuzidisha ilisoma jedwali kwa mtindo wa kahawa, naye alijaza namba kwa mtindo wa kahawa, na majibu yalitoka sahihi kila mara. Niliyapima mwenyewe kwa mkono.

Nilimwambia, "Andika basi maelezo humo ndani, mtu mwingine akija aelewe."

"Maelezo ya nini, mwalimu?" akasema. "Si mimi nipo?"

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa na afya, alikuwa amechumbia, na jioni alikuwa akicheza mpira uwanjani. Lakini ndiyo maana nasema wanaotuambia tujiandikie wenyewe hawajawahi kufanya kazi mahali ambapo waandishi wanazikwa. Kitu kilicho ndani ya lugha kina wenyewe wengi. Ukikisahau, kitabu kinakikumbuka, na mtu wa Muleba na mtu wa upande wa pili wa dunia wanakijua kwa namna moja. Kitu alichojiandikia kijana mmoja wa Ngenge kinaishi kichwani mwa kijana mmoja wa Ngenge, na sisi tulikuwa tunazika kila wiki.

Kwangu mimi lori lile halikuwa hisabati tu. Dada yangu aliolewa Buganguzi, kwenye kibanja kizuri, yaani shamba la ukoo na nyumba ndani yake, migomba na mibuni ya zamani ya baba mkwe. Shemeji alitangulia, dada akamfuata. Waliacha msichana na wadogo zake wawili wa kiume. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukamtaja mrithi, ambaye ni mvulana mkubwa, na yeye alikuwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati. Kaka wa marehemu, baba yao mkubwa, akasema kwa sauti ya huruma kwamba watoto hawawezi kukaa peke yao, afadhali watawanywe kwa ndugu, yeye atakitunza kibanja. Msichana akasimama mbele ya wazee, jambo ambalo si desturi, akasema wao wataweza. Wazee walinong'onezana, wakakubali kwa sharti moja: moto usizimike katika nyumba ile mpaka mavuno ya maharage. Ukizimika, watoto waondoke na kibanja kishikwe na baba mkubwa.

Nilitaka kuwachukua wote. Yule msichana alinikatalia.

"Mama mdogo, tukija kwako tutashiba," alisema, "ila hatutarudi tena."

Alikuwa sahihi. Kwetu kibanja ndicho kinachokufanya uwe wa mahali. Mababu wako wamezikwa humo, na wewe utazikwa humo. Mtu asiye na kibanja anaitwa mtu kwa adabu tu.

Shida ilikuwa ni chakula. Katika miaka ya ugonjwa wa wazazi hakuna aliyepalilia, migomba ilikuwa imechoka, bitoke, ndizi zetu za kupika, vilitoka vidogo kama vidole. Mshahara wangu ulikuwa tayari unalisha watoto wa kaka zangu. Lakini nyumba za watoto peke yao ndizo tulizoziwekea unga mwingi kuliko zote: madebe manne, ya kuwafikisha kwenye mavuno. Nilimwambia msichana asubiri lori. Nilimwambia unga upo, nimeuona stoo kwa macho yangu, na ulikuwepo kweli.

Mwenzangu aliugua ghafla. Safari hii haikuwa ule ugonjwa wa kukonda pole pole, ilikuwa homa ya kichwa iliyomchukua haraka, ingawa wote tulijua nini kilikuwa nyuma yake. Tukaenda kumzika kwao Ngenge. Kwetu mfanyakazi mwenzako ukimzika hugeuki na kuondoka na vumbi la kaburi miguuni. Unakaa matanga na mama yake, unalala chini kwenye nyasi kama wengine, mpaka waseme sasa nendeni. Tulikaa. Ofisini alibaki mzungu peke yake, na lori lilikuwa limekodiwa, haliwezi kungoja.

Basi akajaza majedwali yeye. Alikuwa mhandisi, alijua matriksi kabla sijazaliwa. Akajaza kama vitabu vyote vya dunia vinavyosema, nyumba ubavuni, vitu juu. Programu ikasoma kwa mtindo wa kahawa. Na kwa kuwa nyumba zilikuwa za aina nne na vitu vinne, jedwali halikupungukiwa wala kuzidi popote. Kompyuta haikulalamika. Ikachapa jibu safi kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Namba zilizokuwa za unga wa watoto zikawa namba za majembe ya mabibi. Namba za majembe, ambayo kila nyumba ilikuwa ipate moja tu, zikawa ndicho chakula cha watoto. Bibi wa Buganguzi, mgongo umepinda, akashushiwa majembe manne. Nyumba ya watoto wa dada yangu ikashushiwa debe moja la unga na kifurushi kimoja cha maharage. Msichana akamuuliza aliyekuja na lori kama hakuna zaidi. Yule akamwonyesha karatasi ya kompyuta, na siku zile karatasi ya kompyuta ilikuwa kama Injili. Bibi jirani alimwonea huruma akamletea kile alichokuwa nacho cha ziada. Alimletea jembe.

Niliyasikia haya nilipotoka matanga. Nilikwenda ofisini hata bila kuoga. Mzungu alitoa karatasi zake, akazipanga mezani, akaniambia kila kitu kimejazwa sawasawa. Na kilikuwa kimejazwa sawasawa. Nikafungua programu ya marehemu, nikaisoma mpaka nikafika pale. Ilikuwa sahihi pia. Wawili hao, mmoja kaburini na mmoja mbele yangu analia, hakuna aliyekosea. Sikuwa na wa kumpiga kofi, na mkono ulikuwa unaniwasha.

Unga wa kurekebisha haukuwepo tena. Ulikuwa umekwenda kwenye nyumba nyingine, na hizo nazo zilikuwa na watoto, ungewanyang'anya vipi? Nilikopa nikapeleka kidogo. Nilipeleka tena. Barabara ilikatika kwa mvua, nikakwama mjini.

Wakati huohuo akapita mtaalamu kutoka nje, kukagua miradi. Mzungu wetu akamweleza. Mtaalamu akatikisa kichwa kwa upole, akasema kosa la kugeuza jedwali ni la kawaida sana, kila mtu hulifanya, dawa ni kuwa makini. Nikamwambia dawa ni lugha kuwa na matriksi yake yenyewe, njia moja, inayojulikana na wote, iliyoandikwa kitabuni.

"Mama, lugha haiwezi kubeba kila kitu," akasema.

"Sikuomba kila kitu," nikamjibu. "Ondoeni muziki."

Alicheka. Alidhani ni utani.

Najua ninachoweza kujibiwa, nimejibiwa mara nyingi. Jedwali la nne kwa nne hata lugha yenye matriksi ingelikubali likiwa limegeuzwa. Ni kweli, isingepiga kelele. Lakini marehemu asingekuwa na haja ya kubuni njia yake. Angesoma kitabu kilekile alichosoma mzungu, angejaza kama mzungu, na siku ya kufa kwake mzungu angejaza kama yeye. Tena wanasema matriksi ziko za aina nyingi, kubwa na ndogo, zilizojaa na zenye mashimo, kila mtaalamu ana anazotaka. Hao wataalamu wana pa kwenda. Wabebe zao. Mimi nilitaka za kawaida, za kujumlisha, kuzidisha na kugeuza, kama mwanafunzi wangu wa kidato cha nne anavyozijua. Kila fani ya hesabu inayogusa watu, chakula au dawa inapitia hapo, halafu mnaniambia ni mambo ya wachache.

Mavuno hayakuwa yamefika. Watoto walianza kwenda kula kwa jirani, leo hapa kesho pale, na siku moja hakuna aliyebaki nyumbani kupika. Baba mkubwa alikuwa anapita kila asubuhi kutazama kama kuna moshi. Asubuhi hiyo hakuuona. Aliingia, akashika majivu kwa kiganja, akawaita wazee nao wakayashika. Mvulana mkubwa alichukuliwa na ndugu wa Kamachumu, mdogo nikamleta mimi Kitendaguro. Msichana hakutaka kwenda kwa mtu. Alivuka kwenda visiwani, akawa anawapikia wavuvi na kuanika dagaa. Alisema atakusanya cha kutosha akafungue shauri la kibanja mbele ya ukoo. Sote tulijua msichana peke yake kambini kisiwani, miaka ile, anakwenda kukutana na nini. Nilimfuata, nikambembeleza, nikamgombeza mbele ya watu. Alinipa dagaa wa kubeba, akanisindikiza kwenye mtumbwi.

Alirudi kwangu baada ya miaka michache, amepungua hadi pete ilikuwa haikai kidoleni. Nilimtandikia kitanda cha dirishani. Mchana mmoja nilikuwa namwosha miguu, akaniomba nimweleze hasa ni nini kilitokea kwenye lile lori, maana hakuwahi kuelezwa akaelewa. Nikamweleza yote, majedwali, kahawa, mzungu, lugha iliyopunguzwa. Alisikiliza vizuri. Alikuwa mtoto mwenye akili, angefika mbali.

"Hiyo kuzidisha, mama mdogo, ilikuwa kazi ngumu sana kuiweka humo?"

"Hapana, mwanangu. Ni mistari michache."

Kisha akasema, "Basi wangeiweka," kwa sauti ileile ambayo mtu angesema maji yamechemka. Nikaendelea kumwosha kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Alipokufa nilituma mtu Buganguzi kuomba mahali pa kumlaza, karibu na mama yake. Baba yake mkubwa alijibu kwa heshima zote, akatoa pole, akatuma na mkungu wa ndizi. Alisema angependa, ila pale pembeni mwa makaburi amekwisha kupanda mibuni mipya, na miche bado ni midogo, haifai kukanyagwa.